Kanisa la mawe la zamani: kabla kamati haijanunua saruji, someni hapa kwanza

#1 Mzee wa Timazi

Wakuu, Bwana asifiwe.

Kila kiangazi kamati za ujenzi za makanisa ya zamani huku Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, hukaa kikao, na azimio huwa lilelile: tupige plasta upya. Fundi anakwangua iliyobanduka, anakoroga saruji, anamalizia na rangi ya mafuta, na kanisa linang'aa kweli siku ya mavuno. Masika mbili hazipiti, unga mweupe unatoka kuanzia sakafuni hadi usawa wa dirisha, plasta inavimba kama andazi, halafu inadondoka mapande mapande. Fundi analaumiwa, anatafutwa mwingine, naye anaongeza saruji.

Uzi huu ni wa majengo hayo. Naongelea kanisa la namna hii: msingi wa mawe ya itale yaliyotoka hapohapo mlimani, juu yake mawe au matofali ya kuchoma, ukuta wa sentimita 40 hadi 60, umejengwa kwa chokaa na mchanga au kwa tope lililofunikwa na chokaa. Kati ya msingi na ukuta hakuna kitu chochote cha kuzuia unyevu. Ukuta wa aina hiyo hauzuii maji. Unayanywa na kuyatema: yanapanda kutoka ardhini, yanatokea kwenye viungo na kwenye plasta ya chokaa, upepo wa ziwani unayachukua. Ukiuvalisha saruji umeuziba pua. Maji hayaachi kupanda, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na yanabeba chumvi ya udongo. Chumvi ikikaukia nyuma ya saruji inaota kama sindano na kuusukuma uso wa tofali. Huo ndio unga mweupe mnaoufagia kila Jumamosi.

Kwa hiyo kabla ya kushika mwiko, tafuteni maji yanaingilia wapi. Pimeni usawa wa ardhi nje na sakafu ndani. Sakafu inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 hadi 20 angalau. Makanisa mengi yameshamezwa, maana miaka yote kifusi kimekuwa kikisambazwa hapohapo uwanjani, na siku hizi watu wanaweka tofali za kukanyagia juu ya ardhi ya zamani bila kuchimba. Angalieni pia kama kuna gata. Bila gata, maji ya bati yanapiga mstari mmoja chini na kuruka ukutani hadi nusu mita. Halafu angalieni ule mkanda wa zege uliomiminwa kuzunguka jengo. Watu huupenda kwa usafi, lakini unawafungia maji yaliyo chini yake yasiwe na njia isipokuwa ukuta.

Dawa yake: vunjeni mkanda huo wa zege, chimbeni mfereji upana sentimita 40, kina 30, wenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kwenda mbali na jengo, jazeni kokoto safi. Chimbeni vipande vya mita 2, mkimaliza kimoja mwende kingine, na msishuke chini ya kitako cha msingi. Misingi hii mara nyingi ni mifupi kuliko mnavyofikiri, hasa palipo na mwamba karibu.

Plasta ya saruji iondolewe kwa tindo na nyundo. Msitumie mashine ya kukatia, inakata hadi kwenye tofali. Gongeni kwanza kwa kifundo cha kidole: panapolia tupu, ondoeni. Panaposhika kiasi kwamba ikitoka inang'oa na uso wa tofali, acheni palipo mpaka pajiachie penyewe.

Kisha subirini. Hapa ndipo kamati nyingi zinashindwa. Ukuta mnene hukauka kwa kadiri ya milimita 25 kwa mwezi kila upande. Ukuta wa sentimita 50 uliolowa hadi katikati unataka miezi kumi. Mkivua plasta mwezi wa sita mkapaka wa saba, mmefungia maji ndani.

#2 Fundi wa Igoma

Mzee, nakubali kuhusu zege la kuzunguka jengo na usawa wa ardhi. Ila chokaa? Chokaa ya dukani ni ya kupaka ukuta uwe mweupe. Mvua ya masika ikipiga upande wa ziwa inaondoka yote. Mafundi tunaweka saruji kwa sababu inashika siku hiyohiyo, mtu anataka alipwe Jumamosi.

#3 Mzee wa Timazi

Fundi, swali zuri na linastahili jibu lenye vipimo.

Chokaa ya mfuko wa kilo 25 inafaa, sharti iwe haijazeeka. Chokaa ikikaa ghalani na mfuko umetoboka hurudi kuwa jiwe la unga, haishiki tena. Ijaribuni dukani kabla ya kulipa: chukua kijiko kimoja, kikamulie limau. Ikitoa povu jingi imeshakufa. Ikitulia, au ikitoa povu kidogo sana, ni nzima.

Ikishafika kanisani, imwagieni maji kwenye pipa mpaka iwe kama ugali laini, mfunike na sentimita 5 za maji juu, mwiache wiki mbili. Wengine hulaza usiku mmoja, nayo hufanya kazi, ila ya wiki mbili inanata vizuri na haipasuki ovyo. Miwani na glavu ni lazima: chokaa mbichi ikiingia jichoni inaunguza.

Mchanganyiko wa kuziba viungo na wa plasta ya kwanza ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga laini wa ufukweni msiutumie. Chembe zake ni za duara na saizi moja, plasta inapasuka mistari. Kwa upande unaopigwa na mvua, ongezeni unga wa tofali la kuchoma lililotwangwa na kuchekechwa hadi uwe laini, kiasi cha sehemu 1 kwa kila sehemu 10 za chokaa. Unga huo unaifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Hakuna haja ya kununua, matofali yaliyovunjika yapo uani.

Loweka ukuta jioni, loweka tena asubuhi, piga koti lisilozidi milimita 10. Likianza kuwa gumu kiasi kwamba kidole kinaacha alama lakini hakizami, lisugue kwa ubao, kisha uchane mistari. Koti la pili baada ya wiki moja au zaidi. Katika siku 7 za kwanza tundika magunia yaliyoloweshwa, mnyunyize asubuhi na jioni. Plasta ya chokaa inayosemekana "imeondoka na mvua" karibu kila mara ni ile iliyokaushwa na jua siku ya kwanza, au iliyopigwa mwezi wa tatu mvua ikiwa mlangoni.

Hesabu: mita za mraba 100 kwa makoti mawili ya milimita 10 ni mita za ujazo 2. Mchanga ununueni mita 2 na robo kwa kufidia unaopotea, chokaa mifuko 18 hadi 20. Juu yake rangi ya chokaa, makoti matatu mepesi kama maziwa. Rangi ya mafuta hapana, na ile ya plastiki hapana.

Kuhusu malipo ya Jumamosi, mlipeni fundi kwa siku badala ya kwa mita. Chokaa haitaki haraka, na fundi anayelipwa kwa mita ana kila sababu ya kuwa na haraka.

#4 Mchora Ramani

Niongeze upande wa umbo, maana watu wanabomoa vitu bila kujua kazi yake.

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Jua linapita karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta unaochomwa sana ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Ukiona kanisa la zamani limelazwa mashariki-magharibi, kuta fupi ndizo zinazopokea jua kali, kuta ndefu za kaskazini na kusini zinakaa kwenye kivuli cha upenu. Upenu wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Mchana hewa inatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku inarudi. Madirisha yanayotazamana kwenye kuta ndefu yanaipitisha hewa hiyo juu ya vichwa vya watu. Kamati inayoziba madirisha ya upande mmoja ili kuweka jukwaa la kwaya inajikuta inanunua mafeni mwaka unaofuata.

Ndani, makanisa ya AIC (Africa Inland Church) na ndugu zao wa mkondo huo ni ya neno: mimbari katikati mbele, meza ya Bwana chini yake, kwaya pembeni, hakuna kona wala nguzo ya kumficha msikilizaji. Huo mpango una chanzo. Church Missionary Society, wamisionari wa Kianglikana, walikuwa wa kwanza kusini mwa ziwa. Mmisionari wao Alexander Mackay, aliyekuwa mhandisi, alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Kituo chao cha Nassa wakakiachia Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutoka hapo kazi ikaenea Usukumani. Umbo likawa la mstatili, paa la migongo miwili, ukumbi mmoja. Linganisheni na Wakatoliki wa Bujora pale Kisesa, ambako Padre David Clement alijenga kanisa la mviringo kwa kufuata nyumba ya Kisukuma. Yote mawili ni urithi wa ukanda huu, na kila moja linasema jambo lake kuhusu mtu anakaaje mbele za Mungu.

Ombi langu: kabla ya fundi kugusa chochote, pimeni na kupiga picha. Watu wawili, futi ya kupimia ya mita 30, daftari. Chukueni pia vipimo vya mshazari, kona hadi kona. Viwili visipolingana, mnajua jengo halina pembe mraba na fundi wa silingibodi asije akashangaa. Picha moja kwa kila ukuta, ndani na nje, na rula ionekane kwenye picha. Kazi ya siku moja. Nakala moja ibaki ofisi ya mchungaji, nyingine dayosisi.

#5 Dada Neema wa Nyegezi

Asanteni sana. Swali: pembe mbili za kanisa letu upande wa magharibi zina ufa unaoanzia juu, mpana juu mwembamba chini. Fundi amesema ni msingi umeshuka, tuchimbe tuimimine zege. Ni kweli?

#6 Kenchi na Papi

Dada Neema, pole. Kabla ya kuchimba msingi, pandeni darini. Ufa mpana juu na mwembamba chini kwenye pembe, mara nyingi unasema ukuta mrefu unasukumwa nje na paa. Msingi ukishuka, nyufa mara nyingi huenda mshazari, au milango na madirisha huanza kubana.

Kenchi ni pembetatu ya mbao inayobeba paa. Ile mbao ya chini inayolala kutoka ukuta hadi ukuta kazi yake ni kuvuta, inazuia miguu ya paa isiteleze kwenda nje. Sasa kinachotokea: kamati inataka dari iwe juu, au inataka nafasi ya kupitisha bomba la feni, fundi anaikata mbao hiyo. Paa halianguki siku hiyo. Linakaa linasukuma taratibu, na baada ya miaka ukuta umeinama. Shusheni timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) kutoka juu ya ukuta nje, katikati ya urefu wake. Ukuta wa mita 4 ukiwa umetoka sentimita 1, andikeni tarehe mfuatilie. Ukizidi sentimita 5, msiendelee na ibada humo kabla ya mhandisi kuona.

Kwenye ufa pakeni kiraka chembamba cha plasta ya pariza (jasi), mwandike tarehe kwa penseli. Kikipasuka, ufa unatembea. Rudieni kila mwezi, mpite masika na kiangazi. Hii ni muhimu zaidi kama kanisa limekaa kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaofumuka mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Walio juu kwenye luseni (udongo wa kichanga) au mwambani hawana tatizo hilo sana.

Matibabu ya mbao iliyokatwa: kwanza egemezeni kenchi kwa mirunda kutoka sakafuni, kila kenchi inayoguswa miwili. Kisha rudisheni mbao nzima ya chini, au kama imekatwa katikati, wekeni mbavu mbili, moja kila upande, zipite sentimita 60 kila upande wa mkato, bolti za milimita 12, nne kila upande, na washa pana. Misumari peke yake haitoshi hapo, maana kiungo hicho kinavutwa.

Miguu ya kenchi inapokaa ukutani ndipo inapooza, kwa sababu bati limevuja hapo miaka mingi. Jaribuni kwa bisibisi: ikizama zaidi ya milimita 5 bila nguvu, mbao imekwisha. Na tafadhali, mninga au mvule wa zamani usiutoe kwa sababu una rangi mbaya. Mkiuweka mkaratusi mbichi badala yake, utajipinda kabla ya Krismasi.

Bati la zamani, lile nene, likiwa na kutu ya juujuu bila tundu, lisugueni kwa brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Mkibadilisha chukueni geji 28, msishawishike na geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi. Msumari upite kwenye mgongo wa bati, usipite bondeni. Ukingoni na kwenye kofia ya paa pigeni kila mgongo, maana dhoruba ya ziwani hunyanyua paa kuanzia ukingoni. Kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma ulioshuka ukutani sentimita 60 au zaidi. Vigae vya zege sahauni. Mita moja ya mraba ya vigae ni kilo 45 na zaidi, ya bati ni kilo 4 hivi. Kenchi hizi hazikuzaliwa kubeba mzigo huo.

#7 Fundi wa Igoma

Hapo kwenye kenchi nimeelewa kitu. Na mchwa mkuu? Sisi huwa tunapaka oili chafu.

#8 Kenchi na Papi

Oili chafu inakaa juu ya mbao, haiingii. Mchwa wanajenga njia ya udongo juu yake na kupita. Halafu umeongeza chakula cha moto darini.

Mchwa wanatoka ardhini, kwa hiyo wazuieni ardhini. Kagueni kila mwezi kuta zote, ndani na nje, mkitafuta vijia vya udongo vyenye unene wa penseli. Mkiviona vivunjeni sehemu moja mrudi baada ya siku mbili: vikijengwa upya, wapo hai. Mfereji wa sentimita 30 kwa 30 kufuata ukuta, dawa ya mchwa kwa kipimo cha lebo, mwagieni udongo wakati mnaurudisha. Kama kuna kisima au tanki la ardhini karibu, dawa hiyo isitumike bila mtaalamu. Na madawati ya zamani, kuni, magunia ya mahindi ya sadaka: visiegemezwe ukutani. Wekeni juu ya vitako, sentimita 30 kutoka ukutani, ili mtu aweze kuona nyuma.

#9 Mama Kwaya

Bwana asifiwe wapendwa. Naona mafundi wamejaa, nami niseme habari ya watu wanaolitumia jengo, kwa sababu jengo linaharibika kwa matumizi kuliko kwa mvua.

Msiba au harusi ikiwa kanisani, kamba za turubai hufungwa kwenye fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) na kwenye gata. Upepo ukivuta, gata inang'oka na misumari yake, na hakuna anayeripoti. Simikeni nguzo nne za chuma za kudumu uwanjani, kamba zifungwe hapo. Mafiga ya kupikia yakae mita 10 kutoka ukutani, upande upepo unakoelekea. Ukuta uliokaangwa na moto wa sufuria kubwa unapasuka plasta siku hiyohiyo, na moshi unaingia darini.

Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka: kuku, mayai, mpunga, viazi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mafungu ya mboga. Ni furaha ya kanisa na ni fedha halisi. Ila mnada ufanyike nje chini ya mwembe, siyo barazani. Kuku na magunia barazani vinaleta panya, panya wanaita nyoka, na nafaka zinazomwagika zinaita mchwa. Pendekezo ambalo linafanya kazi vizuri: mnada wa Jumapili moja kwa mwezi uende moja kwa moja kwenye mfuko wa matunzo ya jengo, na mhazini autangaze kwa sauti pamoja na matumizi. Watu wakisikia "mwezi huu kuku watatu wamenunua misumari ya bati kilo mbili," mwezi ujao wanaleta kuku sita.

Zamu za usafi zigawiwe kwa jumuiya, kila moja na eneo lake kwa jina: jumuiya hii gata za kusini, ile mfereji wa kokoto, vijana darini. Mkisema "wote tufanye usafi", watafagia uwanja tu. Usukumani watu wanajua kazi ya pamoja tangu zamani, na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa Kisukuma, aliwapanga vijana bila karatasi. Mpeni kijana mmoja madaraka hayo waziwazi mbele ya kanisa, na umri wake usiwe kikwazo.

Kuhusu popo: msizibe tundu mchana wakiwa ndani, watakufa na harufu yake mtaijua Jumapili. Tundikeni wavu mwepesi juu ya tundu, umefungwa juu na pembeni, wazi chini, ili watoke jioni wasiweze kurudi. Baada ya usiku tano hadi saba zibeni. Msifanye hivyo wakiwa na makinda. Kinyesi chao kilowesheni maji kwanza, vaeni barakoa, ndipo mfagie. Vumbi lake likiwa kavu ni hatari kwa mapafu.

#10 Dada Neema wa Nyegezi

Mama Kwaya asante. Na sauti je? Kanisa letu spika nne kubwa, lakini wa nyuma wanasema hawasikii neno la mchungaji, wanasikia kelele.

#11 Mama Kwaya

Kelele hiyo ni mwangwi, na kuongeza spika kunauzidisha. Ukuta mgumu, sakafu ngumu, bati juu: sauti inarudi mara nyingi na kujipanda yenyewe. Mpunguze sauti kwanza. Spika mbili mbele, juu kidogo ya vichwa, zimeelekezwa kwa watu wa katikati, zisiangalie ukuta wa nyuma. Kama kanisa ni refu, mbili ndogo katikati ya kuta ndefu, zicheleweshwe milisekunde 29 kwa kila mita 10 kutoka zile za mbele, maana ndivyo sauti inavyosafiri. Bila kuchelewesha, wa nyuma wanasikia neno moja mara mbili. Spika nzito zisitundikwe kwenye ukuta wa tope. Zisimame kwenye miguu yake. Pazia zito ukuta wa nyuma linasaidia kuliko spika mpya. Na watu wenyewe wananyonya sauti, kwa hiyo msipime sauti kanisa likiwa tupu.

#12 Waya wa Shaba

Nimeona hakuna aliyegusa radi, na huku ziwani radi si jambo dogo. Tazameni Namirembe, kanisa kuu la Anglikana huko Kampala, upande wa Uganda wa ziwa hilihili. Dhoruba ililiangusha kanisa lao mwaka 1894. Lililofuata mchwa wakalishinda. Lililojengwa kwa matofali likapigwa na radi mwaka 1910 likaungua. La sasa likakamilika mwaka 1919. Yote yaliyoandikwa kwenye uzi huu, upepo, mchwa na moto, yaliwapata wao kwenye mlima mmoja.

Kanisa lililo juu ya kilima cha mawe liwe na kinga. Fito ya shaba juu ya sehemu ndefu kuliko zote, njia mbili za kushuka kwenye pembe zinazotazamana kwa mshazari, utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3, umebanwa kila mita 1, bila kona kali. Radi haipendi kona, inaruka ukutani. Bati la paa liunganishwe na njia hizo.

Tatizo la Mwanza ni ardhi. Kwenye mwamba fimbo ya mita moja na nusu haiingii, fundi anaikata nusu na kuifukia, hakuna anayejua. Dai vipimo: ukinzani wa ardhi usizidi omu 10, upimwe kiangazi udongo ukiwa mkavu, mbele ya mjumbe wa kamati. Penye mwamba, badala ya fimbo, lazeni utepe wa shaba kwenye mtaro wa kina cha sentimita 50 hadi 60 kuzunguka jengo lote, mfunike kwa udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa au bentonaiti (mfinyanzi unaoshika maji sana). Chumvi na mkaa vinapunguza ukinzani haraka, lakini chumvi inaondoka na mvua na inaila shaba. Ardhi ya umeme wa kanisa iunganishwe na ya radi, la sivyo siku ya radi mikisa ya sauti na kinanda ndivyo vinavyolipa.

Na darasa la watoto chini ya mwembe livunjwe mara ngurumo ya kwanza ikisikika.

#13 Kijana wa Kirumba

Wazee wangu, shikamooni. Yote mazuri, lakini waumini wetu wamezidi viti. Kwa nini tusivunje tujenge kubwa la kisasa?

#14 Mzee wa Timazi

Marahaba kijana. Wingi wa watu ni baraka, na lazima wakae. Pimeni kwanza. Benchi la mita 2.4 linakaa watu watano kwa raha. Mkipanga upya mabenchi na njia ya katikati ya mita 1.2, makanisa mengi yanaongeza safu mbili au tatu. Ibada mbili zinamaliza shida ya mengine. Bado haitoshi? Jengeni ukumbi mpya pembeni na la zamani libaki la ibada ya asubuhi, ndoa, watoto na maombi. Mkitaka kupanua, ongezeni baraza lenye nguzo zake na paa lake, lisiegemee ukuta wa zamani. Kutoboa ukuta wa mbele ili kurefusha ndiko kunakoangusha jengo, maana ukuta ule ndio unaoshika kuta mbili ndefu.

Kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo makanisa yetu hayamo mpaka yatangazwe. Maana yake ulinzi uko mikononi mwenu. Mali ya kanisa iko chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, si ya kamati ya usharika wala pastoreti, na kubomoa bila barua yao na kibali cha halmashauri ni kujitafutia kesi.

#15 Dada Neema wa Nyegezi

Tumepima leo. Paa ni mita 20 kwa 9, gata hakuna kabisa. Timazi imetoka sentimita 2. Mbao mbili za chini za kenchi zimekatwa, Kenchi na Papi umeona bila kufika. Tuanze na lipi kwa hela kidogo?

#16 Kenchi na Papi

Mirunda wiki hii, mbao za chini zirudishwe mwezi huu. Ukuta uliokwisha kutoka msijaribu kuurudisha, ushikeni ulipo.

#17 Mzee wa Timazi

Kisha gata kabla ya mvua za Oktoba. Kwa paa lako, mvua ya milimita 50 ni lita 9,000 zinazoshuka kwenye kuta zako kwa siku moja. Kwa mvua ya Mwanza, takriban milimita 1,000 kwa mwaka, hata mkivuna asilimia 80 tu ni lita 144,000, maji ya kufulia nguo za kwaya, kupikia misiba na kuwasaidia majirani bomba likikatika. Mteremko wa gata milimita 5 kwa kila mita, kwa hiyo kwenye mita 20 upande mmoja uwe chini kwa sentimita 10. Vishikio kila sentimita 60. Maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaingie pipa la lita 200 lenye koki chini, likijaa ndipo mengine yaende tankini. Pipa lifunguliwe baada ya kila mvua.

Plasta iacheni ilivyo hadi mwakani. Mwezi wa sita mkianza kuibomoa, leteni picha hapa.

#18 Fundi wa Igoma

Dada, hiyo chokaa ya kuloweka mniachie mimi, nakuja kujifunza nayo. Na kengele yenu mmefungaje kamba?

#19 Dada Neema wa Nyegezi

Kamba imefungwa kwenye ulimi, mtoto anavuta.

#20 Waya wa Shaba

Ifungueni leo. Kamba kwenye ulimi inaubana ulimi kwenye mdomo wa kengele wakati bado unatetemeka, na kengele inapasuka hivyo. Ikipasuka haiungwi kwa kuchomelea kwa kawaida, sauti haitarudi. Kamba ifungwe kwenye mkono wa mbao uliobeba kengele, kengele yenyewe ndiyo iyumbe. Mbao ya kuishikilia iwe mninga, bolti zake zikazwe kila baada ya miezi mitatu. Kama ulimi umeshachimba kidonda mahali pamoja kwenye mdomo, izungusheni kengele robo duara ili upige mahali papya.